Kamani za Mlango wa Mzee Awadhi

Mwezi uliopita Rajabu, mjukuu wa kaka yangu, alikuja chumbani kwangu Mchikichini na gunia begani, akalitua juu ya kitanda bila hata kuniuliza. "Shikamoo bibi. Wanaivunja ile nyumba ya Kariakoo uliyokuwa ukikaa zamani," akasema. "Nimekuokotea hiki. Kanga unazo, sukari unayo, nikasema labda hiki utakipenda." Nikalifungua gunia. Ndani mlikuwa na kamani, au springi kama wanavyosema vijana wa siku hizi, nene kama mkono wa mtoto, imejaa kutu, na huku na huku imebaki rangi ya kijani niliyoipaka mwenyewe nilipokuwa na nguvu za kupanda ngazi. Nikaishika kwa mikono miwili, nikalia. Rajabu aliogopa, maana mimi si mtu wa kulia. Kwenye misiba mimi ndiye ninayewafokea wanaozidisha. "Chuma tu hicho, bibi," akasema. Nikamwambia akae nimweleze. Akasema ana haraka, akanywa chai yangu yote, akaenda zake. Basi kwa kuwa hakuna wa kumweleza, naandika.

Huo mwaka ninaotaka kuueleza ni ule nilioletwa Dar es Salaam kuolewa, enzi za Mwingereza. Nilikuwa na miaka kumi na minane au karibu na hapo, watoto wa kike hatukuandikiwa miaka siku zile. Nyumba niliyoletwa haikufanana na nyumba nyingine za Kariakoo. Nyumba zote za mtaa wetu zilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku na ua nyuma. Yetu ilijengwa na tajiri mmoja wa Kihindi aliyetaka mahali pa kulaza motokaa yake, akajenga banda la mawe lenye mlango mmoja mpana unaotazama mtaani, na nyuma yake chumba cha dereva na kiwanja kidogo cha kupikia. Motokaa ilipouzwa, baba mkwe wangu, Mzee Awadhi, akalipanga lile banda na kuligeuza duka, na mlango ukabaki ule ule wa motokaa. Haukufunguka kwa ubavu kama milango ya watu. Ulikuwa wa mbao nzito, vipande vipande vilivyoungwa kwa bawaba, na ukiunyanyua ulipanda kwenye reli mbili mpaka ukalala chini ya dari. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuushangaa. Sisi tukaitwa kwa Mwarabu wa mlango wa juu, na jina hilo likatushinda nguvu, hata barua zilikuwa zikitufikia kwa jina hilo.

Mume wangu, Salimu, alikaa nami muda wa kutosha kwa hina ya mikononi kufifia. Kisha akapanda meli kwenda kwao Uarabuni kumwona mama yake, akaniahidi kwamba atarudi kabla tende mpya hazijafika dukani. Alipoondoka, Mzee Awadhi alitoa kitanda chake cha kamba kiwanjani alikokuwa akilala, akakipeleka dukani nyuma ya magunia ya chumvi, na tangu siku hiyo akawa analala huko. Mimi nikabaki na chumba kizima. Kati ya chumba na duka palikuwa na uwazi usio na mlango, ila pazia la kitambaa cha marekani kilichopauka kwa kufuliwa. Sikuruhusiwa kulipita duka likiwa wazi, na sikuwa na pa kwenda likiwa limefungwa. Heshima ilikuwa hivyo, na baba mkwe na mke wa mwana hawakutazamana usoni ovyo. Nilipika, nikapakua sahani mbili. Moja niliisukuma chini ya pazia, mkono wake ukaichukua. Nyingine nilikula mwenyewe, nimekaa juu ya mkeka, nikimsikia na yeye anatafuna upande wa pili. Mchuzi ule ule, wali wa chungu kimoja, na katikati kitambaa. Nimewahi kukaa peke yangu miaka mingi baada ya hapo na sasa hivi niko peke yangu, lakini upweke wa kumsikia mtu anatafuna wala usimwone, huo sijauzoea mpaka leo.

Kwa hiyo nikajifunza kuishi kwa masikio. Asubuhi ilianza mlango ulipopanda. Kwanza Mzee alikohoa, akasema "Bismillahi," kisha kamani mbili zilizokuwa zimetundikwa juu ya zile reli, kulia na kushoto, zikaguna, na magurudumu yakakwaruza mpaka juu. Hapo mwanga ulipita chini ya pazia ukafika kwenye miguu yangu, nikajua kumekucha kwa watu wote. Niliwatambua wateja kwa sauti. Palikuwa na mama mmoja wa vitumbua aliyekuwa akigombana na kila bei, na mzee mmoja wa kahawa aliyesimulia habari za jana kana kwamba ni za leo. Wakicheka, nami nilicheka huku ndani, nimeziba mdomo kwa upande wa kanga. Mara nyingine nilijibu maswali yao kimoyomoyo. Hakuna aliyejua kwamba nipo, au kama walijua, walijua kama mtu anavyojua kuna mtungi ndani.

Tende mpya zikafika. Niliisikia harufu yake kabla ya kuyasikia makanda yakibwagwa, nikaenda kuoga, nikajifukiza udi, nikatoa kanga mpya. Yule aliyezileta alikuwa msafiri wa kutoka kwao Mzee. Alikaribishwa kahawa, wakazungumza Kiarabu kwa muda mrefu, na mimi Kiarabu changu kilikuwa cha msikitini tu, sikuelewa. Lakini nilisikia sauti ya Mzee ikishuka, ikashuka, mpaka ikanyamaza. Siku hiyo sahani yake ilirudi chini ya pazia kama ilivyokwenda, samaki mzima na wali haujatomaswa. Nilijiona mimi ndiye mwenye kosa. Nikaonja, nikaona chumvi imezidi kidogo, nikajilaumu kwa chumvi. Nikafunga ile kanga mpya sandukuni na kuendelea kungoja.

Haikupita muda mrefu kamani ya kushoto ikakatika. Ilikuwa asubuhi, Mzee amekwisha kukohoa na kusema Bismillahi yake. Nilisikia mshindo, nikadhani ni bunduki. Kilifuata kishindo cha debe la mafuta ya taa linabingirika, na mlango ukaanguka ukatetemesha nyumba. "Baba!" nikapiga kelele, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kupaza sauti katika nyumba ile. "Mzima," akajibu, "usije, kuna mafuta." Kipande cha kamani kilikuwa kimeruka kutoka juu, kikalitoboa lile debe lililokuwa pale alipokuwa amesimama jana yake akipanga sabuni.

Tangu hapo mlango ule ukawa mzigo. Kamani moja haikutosha kuubeba. Mzee aliuinua kadiri ya nguvu zake, akautegemeza kwa boriti, na wateja wakawa wanaingia dukani kwa rukuu, walio warefu kwa kusujudu kabisa. Mama wa vitumbua alisema yeye hajazoea kumwinamia mwuza chumvi, akahamia duka la jirani, na wengine wakamfuata. Mzee Awadhi akaamua kuponya ugonjwa kwa dawa aliyoitunga mwenyewe. Alikwenda kwa wauza vyuma chakavu, akarudi na kamani mbili za kiti cha lori. Nilimsikia akizisifu peke yake. "Kamani ni kamani," akasema. Akazitundika. Alipoushusha mlango, zilivutika, zikanyooka, zikabaki zimenyooka, zinaning'inia kama utumbo wa kuku, na mlango ukamshukia begani. Alikaa chini nyuma ya magunia yake, akaguna mpaka adhuhuri. Nilimkanda bega kwa maji ya moto na chumvi, pazia limening'inia kati yetu, yeye kanipa mgongo, mimi nimetoa mikono tu.

Jioni ya siku hiyo akaniita. "Zena."

"Labeka, baba."

"Duka likifungwa, sitaweza kukuweka hapa. Nitakurudisha kwenu Pangani."

"Ewallah, baba," nikasema, maana hapakuwa na neno lingine la kumjibu mkwe. Nikaenda kiwanjani, nikakaa juu ya kinu, nikalia. Kwa kaka yangu nilikuwa nikihesabiwa tonge. Na tena, Salimu akirudi akute nimeondoka, atasema sikuweza kumngoja. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi, mjinga mimi. Usiku kucha niliwazia mlango. Ukifunguka ninabaki, usipofunguka ninakwenda. Sikuwahi kumwombea mgonjwa dua kama nilivyouombea ule mlango.

Kesho yake Mzee alimtuma mtu mjini, na alasiri fundi akaja. Alikuwa Mchaga, Mkristo, akifanya kazi kwenye karakana moja ya motokaa ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Aliitwa Elifasi. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, na Kiswahili chake kilikanyaga kila neno kana kwamba kinapanda mlima. Nilikuwa nimekaa kando ya pazia na ungo wa mchele mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tazama balaa hili."

Fundi akatazama juu. "Mzee, nani alitundika hizi?"

"Shetani," akasema Mzee Awadhi.

Nilijifunga mdomo kwa kanga. Yule fundi naye nadhani alikuwa akipigana na kicheko, maana alichelewa kuendelea. "Basi huyo shetani haelewi kamani. Hizi ni za kukaliwa. Ukiikalia inashuka, ukiinuka inakufuata. Lakini kuvutwa haijui. Ukiivuta umeiua."

"Na ile iliyokatika?"

"Ile ndiyo ya kuvutwa. Pete zake zimebanana tangu ilipozaliwa, na inapenda kukaa hivyo hivyo. Ukishusha mlango unaitanua kwa nguvu. Ukitaka kuinua mlango, yenyewe inataka kurudi kwao, ndipo inapokusaidia kubeba. Ubaya wake ni mmoja, ikikatika inaruka."

"Iliruka. Ilitoboa debe."

"Ingetoboa mtu."

Mzee akauliza kama hakuna ya namna nyingine. Fundi akamwambia ipo ya tatu, ya kusokotwa. Hiyo haikai juu ya reli. Inavalishwa kwenye bomba la chuma linalolala juu ya mlango, halafu inasokotwa kama mtu anavyokamua nguo, inafungwa kwa bolti ikiwa na hasira yake vile vile. Mlango ukishuka inajisokota, mlango ukipanda inajifungua, na hiyo hasira ndiyo inayobeba uzito. "Hiyo ikikatika, inakatikia pale pale ilipo," akasema. "Inapiga kelele, basi. Haitoki kwenye bomba lake. Karakana tunazo mbili, zilitolewa kwenye banda la motokaa la Mzungu mmoja. Lakini kuiweka ni kazi kubwa. Mimi nakushauri ya kuvutwa. Nitaipitishia waya katikati, hata ikikatika isiende mbali. Naweza kuileta kesho asubuhi. Kwa mtu mwenye haraka kama wewe."

"Sina haraka. Weka isiyoruka."

"Sawa, mzee. Sasa nipe kipimo. Kamani inafuata uzito wa mlango, lakini naweza kuiongeza kidogo au kuipunguza, kwa kumtazama anayeinua. Ni wewe na bega hilo?"

"Si mimi."

"Mwanao basi, naambiwa kasafiri. Akirudi kijana, mwenye nguvu, akiikuta nyepesi mno ataurusha mlango darini."

Mikono yangu ilisimama juu ya ungo. Mzee Awadhi alikohoa kile kikohozi chake cha asubuhi. "Mwanangu harudi," akasema. "Ameoa huko, amepata shamba la mama yake, ametuma salamu kwamba harudi. Pima kwa mkono wa mwanamke."

Sikumbuki fundi alijibu nini. Nakumbuka punje za mchele, naweza kuzichora mpaka leo, na kijiwe kimoja cheusi nilichokuwa nimekishika kati ya vidole. Nilijiona mjinga kwa hina, kwa udi, kwa kanga mpya, kwa chumvi niliyojilaumu. Kisha nikamkasirikia Mzee kuliko nilivyomkasirikia Salimu. Salimu alikuwa mbali, hata sura yake ilikwisha kuanza kunipotea. Mzee alikuwa karibu kama upande wa pili wa kitambaa, amejua tangu tende zilipofika, ananyamaza na kula chakula changu. Nilimwaga ule mchele chunguni pamoja na vijiwe vyake. Ale mawe, nikasema.

Fundi alipokwisha kuondoka, Mzee alikuja akasimama karibu na pazia. Niliona vidole vya miguu yake chini ya kitambaa.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia, baba."

"Nilitaka usikie. Kila siku nilijiambia leo nitamwambia, na kila siku mdomo ulinigomea. Nikaona nimwambie fundi, na wewe uko hapo." Akapumua. "Kadhi nitamwendea mimi mwenyewe. Mwanangu hakukutendea haki, nami sitakufunga kwa jina lake. Ukitaka Pangani nitakupeleka kwa heshima yako, wala si kwa sababu ya duka. Ukitaka kubaki, duka lina mlango na mlango utafunguka. Mimi kuinua siwezi tena."

Nilikuwa na majibu mengi, yote mabaya, nikaenda kuchochea moto. Usiku ule tulikula ule wali, kila mtu upande wake, na nilimsikia anauma jiwe, ananyamaza, anaendelea kutafuna. Nikauma la kwangu. Hasira yangu ilipungua hapo, sijui kwa nini. Labda kwa kuwa hakulitema.

Fundi Elifasi alirudi kwa miguu akikatiza Mnazi Mmoja na kamani mbili begani, bomba likafuata kwa mkokoteni. Alikuja peke yake, mwenzake wa kazi ameshikwa na homa. Kutwa nzima alipiga nyundo na kukaza bolti, mpaka bomba likalala mahali pake na kamani zikavalishwa. Ikabaki kusokota. Kazi hiyo, akasema, inataka mlango uwe umefungwa kabisa na inataka watu wawili. Mmoja anachomeka nondo kwenye tundu la kichwa cha kamani na kuishusha, wa pili anaishikilia ile nondo isirudi wakati mwenzake anachomeka nyingine. Mzee alijaribu. Bega lilimshinda hapo hapo. "Tutafute mtu wa mtaani," akasema fundi.

"Nipo mimi," nikasema.

Nikasikia nyundo inawekwa chini. Nadhani fundi alikuwa bado hajanijua kama mtu mwenye sauti. Mzee Awadhi alifikiri, nikamsikia anafikiri, kisha akaenda kwenye rafu, akachukua shuka jipya, akalikunjua. Alipanda juu ya sanduku kwa mkono wake mmoja mzima, akalitundika kwenye bomba, likashuka mpaka sakafuni katikati ya fundi na mimi, likaacha upenyo wa kupitisha nondo tu. "Haya," akasema. "Yeye huko, wewe huku. Mimi hapa na taa." Ndipo nikalipita pazia la marekani. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wa mlango ule kwa ndani, mweusi kwa mikono ya watu, wenye mwanga mwembamba unaochungulia kwenye maungio.

"Dada," ikasema sauti nyuma ya shuka, "samahani. Nitakusukumia nondo. Shika kwa mikono miwili, simama ubavuni pake, usiikabili kwa uso. Nikisema shika, shika. Ukiiachia, itanivunja mkono."

"Sitaiachia."

"Shika."

Nikashika. Sijui niielezeje nguvu ile. Ilikuwa kama kushika mkono wa mtu anayetaka kuondoka. Chuma kilitaka kurudi kilikotoka, nami nikakizuia, jasho likanitiririka ndani ya buibui. Nikasikia nondo ya pili inaingia, uzito ukaniondoka, kisha "shika" tena. Hivyo hivyo, robo kwa robo. Kila aliposema shika, mtu mmoja hapa duniani alikuwa ananihitaji, na mkono wake ulikuwa salama kwa sababu ya mikono yangu. Mwaka mzima hakuna aliyenihitaji kwa lolote ila chakula. Nilianza kulia, kimya, bila kuachia. Mzee alikuwa ameinua taa, ananiona, hakugeuza uso. Tulimaliza kamani ya kwanza, tukahamia ya pili, na shuka likahamishwa pamoja nasi. Uso wa fundi yule sikuuona siku ile wala baadaye. Ningemwona njiani nisingemjua, mpaka aseme neno.

Alipokaza bolti ya mwisho alisema mlango ujaribiwe. "Mlango uliopimwa vizuri," akasema, "ukiuinua nusu ukauachia, unabaki pale pale. Haupandi, haushuki. Ukishuka, kamani ni dhaifu. Ukipanda wenyewe, imezidi. Ajaribu mwenyewe."

"Mwenyewe nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Aliyepimiwa," akasema Mzee.

Niliinama, nikatia vidole chini ya ubao wa mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito wote ule niliousikia mwaka mzima, kikohozi na Bismillahi na mguno. Mlango ukaja na mkono wangu kama mtoto anayeitwa. Nikaufikisha kiunoni, nikauachia. Ukabaki. Jua la alasiri liliingia mpaka magotini mwetu, vumbi likawa linacheza ndani yake, na huko nje nikaona miguu. Miguu ya Kariakoo yote, yenye ndara na isiyo na ndara, kanzu, kanga, gurudumu la mkokoteni, kuku. Hakuna miguu iliyosimama kututazama. Nilikuwa nimeisikia miguu hiyo kwa mwaka, sasa nikaona kwamba haikunijua. Kama ningeushusha, ingeendelea kupita. Nyuma yangu Mzee Awadhi hakusema shusha, hakusema inua. Alikuwa amebana taa mkononi mchana kweupe, amesahau kuizima.

Nikauinua mpaka juu.

Mama wa vitumbua ndiye aliyekuwa wa kwanza kunikuta. Alisimama na beseni lake kichwani, akanitazama nilivyo, buibui limejaa mafuta ya chuma, nimesimama katikati ya mlango wa Mwarabu. "He! Kumbe humu mna mtu!" akasema. "Haya mwanangu, chumvi bei gani leo?" Nikamtajia. Akaanza kugombana na bei, na mimi, niliyekuwa nimemjibu kimoyomoyo mara nyingi vile, nikamjibu kwa sauti. Ulimi wangu ulikuwa umejiandaa mwaka mzima. Akashindwa, akanunua, akaondoka anacheka, na kesho yake mtaa wote ulikuja kumtazama mwanamke wa mlango wa juu. Wapo waliosema Mzee Awadhi amepoteza haya. Yeye aliwaambia mkwewe anafungua mlango kwa sababu mlango ni wake, ukimwinukia mwingine utamvunja bega.

Jioni ile niliushusha mlango mwenyewe, nikapika. Nilichambua mchele kwa uangalifu mno, nikachukua sahani mbili kama kawaida, nikapakua. Nilipokuwa nainama kuisukuma ya kwake, nikauona mkono wake umeshika pazia. Akalisogeza pembeni, akalifunga kwenye msumari. Hakunitazama usoni, alitazama zile sahani.

"Leta sinia," akasema. "Mwanangu, sahani mbili za nini?"

Tulikula pamoja kwenye sinia moja, yeye upande wake, mimi wangu, na alipokutana na mnofu mzuri wa samaki aliusukuma kwa vidole mpaka upande wangu. Tulikula hivyo miaka yote aliyobakiwa nayo. Nilipata talaka yangu kwa kadhi, nikaposwa, nikakataa, nikaposwa tena, nikakataa tena, na duka nililifungua mpaka magoti yalipochoka. Zile kamani hazikukatika kamwe.

Sasa moja iko hapa chini ya kitanda changu. Imelegea, haina hasira tena, naweza kuibingirisha kwa kidole cha mguu. Majirani wa hapa ni watu wema lakini wana yao, na Rajabu huja anapokumbuka. Sahani ninazo kabatini, za udongo, za maua, nimepewa zawadi nyingi. Lakini nikipika jioni, bado napakua kwenye sinia. Najua ni upuuzi, mtu mmoja na sinia. Nakula upande wangu, na mnofu mzuri nausukuma kule.